Kilo Mbili za Karani

Niliiba kilo mbili kila gunia. Naanza na hilo
usije ukanisoma kama mtu anayemsifia tajiri wake.
Nilikuwa karani wa mizani, Nanyamba, msimu wangu wa tatu,
kalamu sikioni, jicho kwenye mshale,
na daftari lenye njaa kunishinda.

Alikuja mabibo yakioza chini ya mikorosho,
Felismina Nankoma, kutoka ng'ambo ya Ruvuma,
mguu mmoja umevimba,
mkononi mfuko wa nailoni,
na ndani ya mfuko simu saba zilizokufa.
Nguo? Alikuwa amezivaa zote.
Kimakonde chake kilikuwa chetu, ila kimekunjwa pengine;
watu wakacheka, wakamwita Mmawia,
wakampa kazi ya kuokota korosho, debe kwa debe,
malipo jioni, au kesho, au Mungu akipenda.

Usiku alifufua simu.
Aliwasha koroboi, akapasha moto msumari,
akaunga waya mwembamba kama unywele wa kichanga.
Ya kwanza kuita ilikuwa ya mama Nachilima, muuza uraka,
aliyeitupa mchangani akipiga kelele
kwamba marehemu mumewe ndiye anayepiga.

Mwaka wa pili akakodi mikorosho minne.
Gunia lake la kwanza nililipima mimi.
Themanini na moja, mshale ulisema.
Nikaandika sabini na tisa.
Hakugomba. Alitoa kijitabu,
akaandika tarehe, uzito, jina langu,
akanishukuru.
Nilicheka mpaka nikakohoa.

Mengine nimeyasikia tu.
Chumba Chikongola, bati linavuja juu ya meza.
Kijana wa chuo aliyemfundisha lugha ya mashine,
ada yake: kutengenezewa kompyuta kila ikizima,
nayo ilizima kila wiki.
Benki ikataka shamba la dhamana.
Shamba lake lilikuwa ng'ambo,
na juu ya shamba, majivu.
Uhamiaji walimwita mara nne.
Mara ya nne alikwenda na kibali,
na simu ya ofisa, imepona.

Alichokijenga hakishikiki:
nyota, tarakimu tatu, reli.
Mkulima anabonyeza kitochi chake kilichofungwa mpira
na mizani inamwambia yeye
kabla haijaniambia mimi.

Siku ilipofika Nanyamba
ujumbe ulilia kwenye mfuko wa shati la mzee Likumbage.
Mzee hasomi. Mjukuu alisoma kwa sauti,
themanini na moja,
akarudia, tarakimu kwa tarakimu,
kama anayesoma tangazo la msiba.
Kalamu yangu ilikuwa imeshaandika.
Wino ulikuwa bado mbichi.

Nilifukuzwa. Nikauza maji kwa madumu.

Leo ana vijana ishirini na sita,
ghorofa ya pili, njia ya bandarini,
jina ukutani kwa herufi za bluu.
Magazeti huandika: kutoka mkimbizi hadi mkurugenzi,
kana kwamba kati ya maneno hayo mawili pana ngazi.
Mimi nauona msumari, mwekundu kwa moto,
na vidole vinavyoushika kwa kitambaa kilichoungua.

Mwaka jana aliniita.
Alifungua droo, akatoa kijitabu kilekile, pembe zimeliwa na mende.
"Kilo mbili," akasema, "kwa bei ya mnada wa msimu ule."
Nikalipa. Akanipa risiti.
Kisha: "Nataka mtu anayezijua njia zote za kalamu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga;
wamesahau kutuambia dawa ina ladha gani.

Basi kazi yangu sasa ni kuiibia mizani.
Kutwa najaribu: mawe, maji, sumaku, jina la uongo.
Nashindwa, nalipwa.
Mara moja tu nimefaulu, Novemba, gramu mia nne,
saa nane mchana, ofisi nzima imekwenda kula.
Hakuna aliyeona.

Nilimwambia.